Waya Wenye Utepe Mwekundu

Mkuu wetu alibandika kwenye mlango wa maabara maneno "Penye nia pana njia", kwa herufi kubwa za buluu, na kila nikipita chini yake nasonya. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kukutana na kompyuta iliyofungwa vizuri. Nia ninayo, tena ya kugawia watu. Njia ndiyo hakuna.

Kazi yangu polisi ni kufungua kompyuta na simu za watu waliotoweka. Wenzangu wa ghorofa ya chini wananiita Mama Funguo, na jina limeshika, ingawa siku hizi nashinda nikitazama milango iliyofungwa zaidi kuliko kushika ufunguo wowote. Ndugu wa waliopotea huja kwangu na sinema kichwani. Wanadhani nitagonga kibodi kidogo, jasho linitoke, halafu mashine ifunguke yenyewe na kutoa siri zote na ramani juu yake. Nikiwaambia haiko hivyo wananitazama kama mganga anayewanyima dawa aliyoificha kabatini.

Yule mzee alikuja bila sinema kichwani. Labda ndiyo maana nilimpenda upesi kuliko kazi yangu inavyoruhusu.

Aliingia asubuhi moja na kompyuta ndogo ya kukunja, ameifunga ndani ya shuka safi la kitanda, pembe kwa pembe, kama mtu anayebeba mtoto kumpeleka kliniki. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Kabla hajaketi aliiona soketi yetu ya ukutani, plagi zimepandana moja juu ya nyingine, akatikisa kichwa. Akasema amekuwa fundi umeme maisha yake yote mpaka kustaafu, na kwamba chumba hiki kikiungua tusije tukamsingizia Mungu. Nikacheka. Sikuwa nimecheka kazini muda mrefu.

Aliyetoweka alikuwa bintiye. Nyumbani walimwita Kimya tangu utotoni, maana alikuwa mgumu wa maneno, na mzee alitabasamu aliponieleza kwamba Kimya huyohuyo alikuja kuwa mtafsiri, mtu wa kula kwa maneno. Alikuwa mwanamke mzima, wa rika langu hivi. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwa wazazi, akakigeuza chumba cha uani kuwa ofisi, akawa anatafsiri nyaraka za mawakili: mikataba, talaka, maelezo ya mashahidi. Siku aliyotoweka alikula chakula cha mchana na wazazi wake, akasema wino wa printa umeisha, anakwenda dukani kuchapisha kurasa mbili tatu, anarudi sasa hivi. Duka liko mtaa wa pili. Lina kamera, na kamera haikumwona. Simu yake ilizimika kabla hata jioni haijaingia, na haikuwaka tena. Kompyuta aliiacha mezani, na pembeni yake kikombe cha chai nusu.

Wiki zilikuwa zimepita. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyepiga simu kudai chochote. Kilichobaki kilikuwa hiyo kompyuta. Humo ndani kulikuwa na barua pepe zake, kazi zake, labda mtu aliyekuwa akimtisha, labda tiketi ya safari aliyoinunua mwenyewe. Mzee alitaka kujua kitu kimoja tu, na alikitamka akiwa amesimama: kama mtoto wake aliondoka au aliondolewa.

Nikaanza maswali yangu ya kawaida. Inafungwa kwa nenosiri? Ndiyo, na hakuna anayelijua. Mawakili walimtaka afunge kila kitu, na yeye mwenyewe alikuwa na msemo kwamba siri za watu hazilali uchi. Nikauliza swali ambalo ndilo huamua kila kitu katika kazi yangu: ilipokutwa, ilikuwa imezimwa au inawaka?

"Ilikuwa inawaka," akasema, na uso wake ukachangamka kidogo. "Haijazimika hata mara moja tangu atoke. Mimi mwenyewe nimeilinda."

Akaketi anieleze, na maelezo yalikuwa marefu, kwa sababu alikuwa anaeleza pia jinsi nyumba yao inavyoishi. Katika kazi yake ameona nyumba nyingi zilizoungua. Kwake yeye waya uliochomekwa bila mtu chumbani ni nyoka aliyelala. Kila jioni anazunguka nyumba nzima akichomoa: redio, televisheni, pasi, chaja za simu. Hata friji ilikuwa ikichomolewa mpaka maziwa yalipoharibika mara nyingi mno na mkewe akatishia kurudi kwao. Watoto walikua hivyo, wakijua kwamba ukiacha kitu kwenye soketi utakikuta kimekufa.

Kimya aliporudi nyumbani, vita vilianza wiki ya kwanza. Baba alichomoa kompyuta, tafsiri ya siku nzima ikapotea. Yeye asiyeongea aliongea siku hiyo, mpaka majirani wakasikia. Mwisho walipatana. Binti alichukua utepe mwekundu wa mafundi kutoka kwenye mkoba wa baba yake, akauzungusha kwenye plagi ya kompyuta, na ikawa sheria: vyote chomoa, chenye utepe usiguse. Mzee aliiheshimu sheria hiyo miaka yote.

Na baada ya binti kutoweka aliiheshimu zaidi. Usiku wa radi alikaa kitandani ameshika magoti, kila kitu nyumbani kimechomolewa isipokuwa ule waya mmoja, na mkewe akamwambia achomoe basi, mtoto hayupo. Akakataa. Alisema binti akirudi na kuikuta imezimwa atajua hawakumngoja.

Nilikuwa nimeacha kuandika. Ilibidi niulize ilizimika lini.

"Jana," akasema. "Mpelelezi alipopiga simu kwamba ikabidhiwe kwenu leo asubuhi. Betri yake ya ndani ilikufa zamani, inaishi kwa waya tu. Nikachomoa. Nikaufuta vumbi na waya wenyewe, nikaukunja."

Akaufunua kutoka ndani ya shuka anionyeshe. Utepe mwekundu ulikuwa bado umekaza kwenye plagi, umeanza kupauka pembeni.

Naomba nieleze kwa lugha nyepesi, maana hapa ndipo penye jambo lote. Kompyuta ya namna ile, kila kilichomo kimevurugwa kwa hesabu ambazo ufunguo wake mmoja tu ndio unazirudisha sawa. Bila ufunguo, una sanduku lililojaa majivu. Lakini mashine ikiwa inawaka, hata kama kioo kimejifunga, ufunguo wenyewe umo ndani, katika sehemu ya kumbukumbu inayoishi kwa umeme. Tuna vifaa vya kuudaka. Si kila mara tunaupata, na wajuzi wanaobana kila kitu hutushinda hata hapo, lakini upenyo unakuwapo. Umeme ukikatika, ile sehemu inafutika kwa kufumba na kufumbua, na upenyo unakwenda nayo.

Kwa wiki nzima, na nyingine, na nyingine, ufunguo wa Kimya ulikuwa ukingoja mezani, unalindwa na mzee anayechukia nyaya zilizochomekwa. Aliulinda na radi. Kisha sisi, polisi, tukampigia simu.

Nilimwambia ahsante, mzee wangu, umefanya vizuri kuileta. Nikampa karatasi ya kupokelea asaini. Alipoondoka nikashuka ngazi kwa mpelelezi wa kesi ile, ambaye wote tunamwita Kesho kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo, nikamwaga yote niliyokuwa nayo. Nilimuuliza kwa nini hakuniita niende nyumbani kwa watu nikaikute mashine inawaka. Nilimuuliza kama kikao tulichofanya kuhusu jambo hilohilo alikuja kunywa soda tu.

Kesho alikuwa na mafaili mpaka kidevuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa uchovu, "Nilimwambia alete kompyuta, dada. Ulitaka nimwambie alete na ukuta?"

Nilitamani kumchukia na sikuweza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na waliopotea wengi kuliko siku za kuwatafuta, na maji yakishamwagika hayazoleki. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba mzee asiambiwe. Akasema yeye hana hata muda wa kumwambia.

Basi nikaanza kazi ya kubahatisha. Nilinakili diski yote, nikaziachia mashine zetu zijaribu maneno, kamusi nzima, majina, tarehe, vipande vya maneno vilivyounganishwa. Nikimweleza mtu huwa anauliza itachukua muda gani. Jibu ni kwamba kama Kimya alichagua ovyo, wiki. Kama alichagua kwa akili, vitukuu vya vitukuu vyangu watakuja kuzizima mashine hizo zikiwa bado zinajaribu. Na kila nilichosikia kuhusu Kimya kilinionyesha mtu wa akili. Nilimvulia kofia na kumlaani kwa pumzi moja. Ufundi wake wa kuficha siri za watu ndio uliokuwa unamficha yeye.

Mzee akawa anakuja kila Alhamisi. Hakuna aliyemwita. Alikuwa anapanda ngazi taratibu, anaketi kwenye kiti kilekile karibu na rafu ilipokaa kompyuta ya bintiye, na kuniletea maneno. Nilikuwa nimemwambia kwamba chochote ambacho Kimya alikipenda au kukichukia kinaweza kusaidia. Sikumwambia kusaidia kwa kiasi gani.

Aliniletea jina la paka wao wa zamani, Karani, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakulala ila juu ya karatasi. Aliniletea tusi la kwanza Kimya alilochapwa kwa ajili yake, na alilitamka kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni. Aliniletea wimbo wa rangi aliomfundisha bintiye kabla hajaanza shule, rangi za mistari kwenye vile vipande vidogo vya ndani ya redio vinavyopunguza umeme, ambazo mafundi hukariri kujua nguvu ya kila kimoja, nyeusi, kahawia, nyekundu, chungwa, njano, na kuendelea. Kimya mdogo alikuwa akiuimba bafuni. Siku hiyo nilipata matumaini, nasema kweli. Niliupanga ule wimbo kwa kila namna, mbele kwa nyuma, herufi za kwanza tu, pamoja na mwaka aliozaliwa. Mashine ikakataa kwa adabu ileile inayokataa kila kitu.

Nilikuwa nikijaribu mbele yake, kwa sababu alipenda kuona. Neno likikataliwa anasema, "Haidhuru, tumepunguza moja." Fundi wa zamani huyo. Alizoea kutafuta hitilafu kwenye nguzo moja baada ya nyingine mpaka aifikie, na alijua nguzo zina mwisho. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba huku hazina.

Mambo mengine yalikuwa yanakufa polepole upande wa Kesho. Kampuni inayotunza barua pepe zake ilitaka barua ya mahakama, ikaipata, ikajibu kwa lugha ndefu kwamba yaliyomo yamefungwa kwa ufunguo wa mteja mwenyewe na wao hawana. Mawakili walisema kazi yake ya mwisho ilikuwa mkataba wa kukodisha ghala, hauna la ajabu. Aliyekuwa mumewe alihojiwa, akaonekana alikuwa kazini mbele ya watu kumi. Faili likahama kutoka juu ya meza ya Kesho kwenda chini ya meza ya Kesho. Sisi tunajua maana yake.

Siku moja alikuja mama mtu. Peke yake, bila mzee kujua. Alikuwa mfupi, mzito, na ngazi zilimtoa jasho, akakataa maji na kukataa kiti cha mzee, akachukua kingine. Aliitazama kompyuta kwenye rafu. Aliniambia hakuja na neno la siri. Alikuja kuniuliza kama ninamdanganya mume wake.

Nikamwambia ukweli nusu, kwamba nafasi ni ndogo sana. Akasema hilo analijua, si mjinga. Akasema watu husema asiyekuwapo na lake halipo, lakini kwake nyumbani imekuwa kinyume, yake yote yapo, viatu, kikombe, miwani ya kusomea, yeye tu ndiye hayupo. Mume wake anaona kwamba mtu aliyeacha kompyuta ikiwaka na chai nusu alikuwa anarudi, kwa hiyo kuna aliyemzuia. Yeye hana hakika. Kimya alikuwa haizimi kompyuta kamwe, hata akienda safari. Na chai hakuwahi kuimaliza katika maisha yake.

"Kama alituchoka akaenda zake, sawa," akasema. "Nataka tu hiyo mashine iseme kwamba yu hai. Hata kama anatusema vibaya humo ndani. Na iseme kwamba anatusema vibaya."

Nilimshika mkono mpaka ukingo wa ngazi, na nilipokuwa natafuta neno la kumpa nikamuuliza, kwa kupiga soga tu, kwa nini hawakubadilisha ile betri ya ndani. Akageuka kunitazama. Akasema Kimya alitaka, alishapata hata duka linaloiuza, mume wake ndiye aliyemkataza. Alisema betri mpya ya nini na yeye yupo? Akamtengenezea mtambo chini ya meza, betri kubwa ya gari na kigeuza umeme, hata mtaa mzima ukiwa giza kompyuta ya Kimya inawaka. Kila umeme wa mtaa ukikatika alikuwa anakwenda mlangoni kwa binti anagonga na kusema, "Mimi ndiye betri yako." Walikuwa wanacheka wote wawili. Ndiyo maskhara pekee waliyokuwa nayo.

Nilirudi maabara nikaketi. Nilijua ninachotaka kufanya na niliogopa kukifanya. Mtu mkimya, mwenye mzaha mmoja tu na baba yake, angechagua neno gani jingine? Niliandika maneno yale. Mimi ndiye betri yako. Nikayaandika yameunganishwa, yametengana, kwa herufi kubwa, kwa namba badala ya irabu. Nikaandika babandiyebetri, betriyangubaba, na kila mwanaukoo wa maneno hayo niliyeweza kumbuni. Nikaiamuru mashine itengeneze mengine kutokana na hayo, maelfu kwa maelfu, nikaiacha wikendi nzima. Niliomba, na mimi si mtu wa kuomba.

Jumatatu ilikuwa imeyamaliza yote. Hakuna lililofungua. Nilificha uso wangu mikononi nikalia kwa hasira, kwa sababu lingekuwa jambo zuri mno na mashine haikujali.

Baadaye Mkuu akatoa amri kwamba vifaa vya kesi zilizolala virudishwe kwa wenyewe, rafu zimejaa. Nakala ya diski ningebaki nayo, ikiendelea kujaribiwa pale nafasi ikipatikana, ambayo ni namna ya adabu ya kusema haitajaribiwa. Alhamisi ile mzee alipokuja nilimweleza kwamba anaweza kuichukua kompyuta nyumbani. Nilijitahidi kulisema kama jambo la kawaida. Alinielewa mara moja. Akatoa lile shuka kwenye mfuko wake wa mkononi, limekunjwa, safi. Alikuwa akija nalo kila Alhamisi bila mimi kujua.

Akaanza kuifunga. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi yenyewe, pembe kwa pembe. Alipofika kwenye waya akaacha.

"Nikuulize swali la kifundi, mwanangu?"

Nikamwambia aulize, baba. Nilikuwa nimeliandaa jibu hilo tangu siku ya kwanza, nikilifanyia mazoezi kila akipanda ngazi, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hataliuliza.

Alisema amekuwa akiwaza. Kila kifaa cha umeme kina mambo mawili, yale yanayobaki ukikizima na yale yanayoondoka. Redio ikizimwa inasahau saa. Kompyuta lazima nayo ina vya kubaki na vya kuondoka. Akasema yeye angeweza kuileta ikiwa inawaka, kama angeambiwa. Lisingekuwa jambo gumu. Angekodi gari, akakaa kiti cha nyuma, betri kubwa miguuni na mtambo pembeni, kompyuta mapajani, akaja nayo polepole mpaka hapa na isingezimika. Ni kazi ya nusu saa. Alikuwa akieleza huku vidole vikipima hewani mahali pa kila kitu, na niliona kwamba safari hiyo ameshaifanya mara nyingi sana kichwani.

"Sasa nilipochomoa ule waya," akasema, "humo ndani mlikuwa na kitu?"

"Hapana, mzee," nikasema. "Ilikuwa imeshajifunga yenyewe siku ileile aliyotoka. Hata ungeileta inawaka ingekuwa vilevile."

Nililisema vizuri. Sikupepesa. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akiuzungusha waya kwenye kiganja, utepe mwekundu ukipita juu kila mzunguko.

Kisha akanisimulia kisa. Zamani, akiwa kijana kazini, alipelekwa kukagua nyumba iliyoungua na mtoto ndani. Baba wa mtoto alikuwa amesimama uani. Alimuuliza kama angewahi kuikata swichi kuu, badala ya kukimbilia ndoo za maji, moto ungezimika. Mzee alikuwa ameshaikagua nyumba na jibu alikuwa nalo. Akamwambia hapana, ndugu yangu, nyaya zilikuwa mbovu tangu ndani ya kuta, ingeungua tu.

Nikamuuliza kama ilikuwa kweli.

"Alinishukuru," akasema. "Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanishukuru."

Akaweka waya juu ya kompyuta, akafunga pembe ya mwisho ya shuka. Kisha akanyanyuka, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaubana.

"Ahsante, mwanangu," akasema, na akashuka ngazi na mzigo wake.

Hakuja tena Alhamisi yoyote. Mwezi mmoja na zaidi ulipita, kisha mama mtu akanipigia simu kazini. Hakusalimia sana. Aliuliza nilimwambia nini mume wake, maana hamwelewi. Kompyuta ameirudisha mezani uani, ameichomeka, taa yake ndogo inawaka. Hilo alilitarajia. Lakini sasa kila jioni mzee anazunguka nyumba yote kama zamani, chumba kwa chumba, na hachomoi. Anachomeka. Redio, televisheni, chaja zisizo na simu, hata friji nyingine kuukuu iliyokufa zamani ikatupwa stoo. Amechomeka kila kilicho na waya, na anakaa sebuleni katikati yake. Aliniuliza kama amkataze, maana yeye mwenyewe sasa ndiye anayeogopa moto.

Nilimwambia amwache, labda pasi tu ndiyo aichomoe, mzee akishalala.